Picha Iliyokataa Kutazamwa

Sura ya Tisa

Mikindani hapafichiki jambo. Ukipiga chafya chumbani kwako, mtaa wa pili wanakuombea rehema. Kwa hiyo iliposemwa kwamba pale Makumbusho kuna picha ya mwanamke ambayo kila asubuhi hukutwa imegeuka, uso ukutani na mgongo kwa watu, habari haikuchelewa kufika Mtwara mjini. Ilipofika sokoni Chikongola ilikuwa imekwisha kutiwa chumvi: mwanamke hulia, mwanamke hushuka akanywa maji ya mtungi wa mlinzi. Watu wa Chikongola hawajui kupokea habari wakaipitisha kama walivyopewa.

Lakini lililomnyima Somoe raha si hilo la kugeuka. Picha ni ubao na karatasi, na upepo wa bahari unageuza mengi. Lililomnyima raha walilisema waliokwishaitazama, kwa sauti ya chini, kila walipomwona akipita: yule mwanamke ni yeye. Pua ni yake, macho ni yake, hata ule usimamaji wa bega moja kushuka kidogo ni wake. Naye Somoe hajapata kupigwa picha maishani mwake. Baba yake, Mzee Mgeni, hakuruhusu kamera ivuke kizingiti cha nyumba yake.

Ilikuwa Alhamisi, mwaka wa 1955, na Somoe hakuwa na siku nyingine. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, wazee wa Lindi wangefika na mahari ya Mohamedi, mfanyabiashara wa mbata, mtu mwema na mnene ambaye Somoe hakuwa na neno naye, ila hakumpenda. Aliyempenda alikuwa Shaibu, mpiga picha mwenye kibanda chake Chikongola. Shaibu alikwisha kuleta posa mara mbili. Mara ya kwanza Mzee Mgeni aliwasikiliza wazee wa kijana mpaka mwisho, kisha akawaambia binti hajakua. Mara ya pili hakuwafungulia mlango. Walipiga hodi mpaka majirani wakaona haya kwa niaba yao, na mzee yumo ndani, kikohozi chake kinasikika. Sababu hakuitoa. Alisema tu kwamba mtoto wa Iddi hataoa kwake. Iddi, baba yake Shaibu, naye mpiga picha, alikuwa kaburini siku nyingi, na maiti haulizwi.

Basi Somoe alijifunga kanga za zamani alizozikuta chini kabisa ndani ya sanduku, akavaa buibui juu yake, akamwambia shangazi yake Mwanakombo amsindikize Makumbusho, maana Alhamisi ilikuwa siku ya wanawake. Bi Mwanakombo alikuwa dada yake Mzee Mgeni, na ndiye aliyemlea Somoe tangu mama yake alipofariki. Alikuwa mama wa maneno mengi. Siku hiyo alipanda kilima chote bila kusema kitu, na Somoe akaanza kuogopa kabla hajafika.

Makumbusho lilikuwa jumba kongwe la mawe. Bibi mmoja wa Kizungu, aliyekusanya picha kama wengine wanavyokusanya makombe ya pwani, alikuwa amezipanga humo picha zilizopigwa na wasafiri walioshuka melini, au zilizopigwa ili wauziwe wao. Jumamosi meli ya abiria ingetia nanga katika bandari mpya ya Mtwara, na wageni wangeletwa kwa magari kuja kuona jinsi wageni wenzao wa zamani walivyoiona Mikindani. Mpaka hapo wenyeji waliachiwa watazame, nao walitazama kwelikweli. Chini ya kila picha palikuwa na kikaratasi. Mlango wa Mikindani. Mchota maji wa Mikindani. Mzee wa Mikindani. Jina la mtu halikuwepo hata moja, na wanawake walikuwa wakiyajaza wenyewe kwa sauti, huyu bibi yake Asha, huyu yule babu aliyekuwa hataki kulipa vibarua wake, wakacheka.

Kicheko kiliishia chumba cha kwanza. Chumba cha pili kilikuwa cha picha za mitaa, nazo zilikuwa na jambo lisilopendeza. Mitaa yote ilikuwa mitupu. Nyumba zimesimama, milango wazi, birika la kisima limejaa maji, na hakuna mtu. Mchana kweupe, mji mzima kama uliohamwa. Hapa na pale juu ya vumbi palikuwa na kitu cheupe kilichofifia, mfano wa pumzi ya mtu asubuhi ya baridi. Wanawake walipita upesi upesi wakirekebisha mitandio yao.

Mlinzi, mzee wa Kimakonde aitwaye Chilumba, alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje kwa kuwa siku ya wanawake hakuruhusiwa ndani. Alimwambia Bi Mwanakombo kupitia dirishani, bila ya kuulizwa, kwamba yeye hataki tena kazi hii. "Mie nnafunga nlango kwa nkono wangu," alisema. "Asubuhi nnafungua, kageuka. Mchana nnawaachia watu waende kuswali, nnarudi, kageuka tena. Ntu aliye hai hafanyi hivyo."

Picha yenyewe ilikuwa chumba cha mwisho, peke yake, ukuta wa mbali. Nayo ilikuwa imegeuka.

Wanawake waliokuwa wamefuatana nao waliona ule ubao wa nyuma na kamba yake, wakakumbuka kwa pamoja kwamba wameacha vyungu motoni. Chumba kikabaki na watu wawili. Madirisha yalikuwa yamefungwa nusu kuzuia jua lisizifubaze karatasi, na nje wingu la mvua lilikuwa limeshuka; mwanga uliobaki ulitosha kuona, haukutosha kuamini. Bi Mwanakombo alisogea, akanong'ona bismillahi, akaigeuza picha.

Somoe alijiona.

Alijiona amesimama mlangoni mwa nyumba yao wenyewe, ule mlango wenye nakshi za maua ya myungiyungi, amevaa kanga alizokuwa nazo mwilini muda huo huo chini ya buibui. Hata kipini cha puani cha Somoe kilikuwa kwake. Baba yake ndiye aliyempa Somoe alipovunja ungo. Yule wa pichani alikuwa akimtazama moja kwa moja, wala hakuonekana kushangaa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa mbele, kiganja juu. Na kando ya mkono huo, chini, kimo cha kiuno, palikuwa na moshi. Ulikuwa mwembamba, umesimama wima, ukiegemea upande mmoja, na sehemu ya juu ilikuwa na doa jeusi mahali ambapo mtu angekuwa na nywele.

Chini palikuwa na kikaratasi: Mwanamke wa Mikindani akiomba.

Somoe alimuuliza shangazi yake ni nani huyu, na Bi Mwanakombo akaketi sakafuni palepale, mtu mzima, akamwambia ni Saumu. Ni mama yako.

Yaliyofuata aliyasema haraka, kama mtu anayetua mzigo. Somoe siku zote aliambiwa kwamba mama yake alikwenda Msimbati kuwasalimu jamaa zake, huko mto Ruvuma unakoingilia baharini, akashikwa na homa, akafa. Homa ni kweli. Kusalimia si kweli. Alikwenda na talaka. Iddi mpiga picha alikuja siku moja na wasafiri wa meli waliotaka picha ya mlango wenye nakshi, akamwomba Saumu asimame penye mlango, naye akasimama. Hakukuwa na ubaya, Iddi alikuwa jirani. Miezi ikapita. Kisha kadi ikarudi kutoka huko ng'ambo, imechapwa vizuri, inauzwa madukani na melini kutoka Lindi hadi Kilwa. Saumu mlangoni mwa mumewe, kanyoosha mkono, na maneno ya Kiingereza chini kwamba anawaomba wageni sadaka. Wanaume wenye kusoma waliyasoma barazani, Mzee Mgeni akiwepo.

"Baba yako alikuwa mtu wa kiburi kizuri," alisema Bi Mwanakombo. "Njaa ile kubwa tulilala bila kula wala hakwenda kwa mtu. Sasa mkewe anaombaomba kwa Wazungu, dunia nzima inamuona. Saumu aliapa. Alisema alikuwa amekushika wewe mkono, ulikuwa unasumbua. Kaka akamwekea kadi mapajani, akamwambia, nionyeshe mtoto yuko wapi."

"Na hakuwepo?"

"Kwenye kadi? Hapakuwa na kitu pale mwanangu. Ukuta mtupu."

Somoe akautazama tena ule moshi. Hakuthubutu kusema alichokuwa akifikiri, kwa sababu kilimtia hofu kuliko jini.

Wakati huo mlango mdogo wa pembeni ukalia. Bi Mwanakombo alikaribia kuzirai, na hata mimi ninayesimulia nisingemlaumu. Lakini aliyetoka alikuwa Shaibu, mikono inanuka dawa za picha, uso umejaa aibu. Ndiye aliyepewa kazi ya kuzichapa upya picha za zamani na kuzitundika. Alikuwa amejifungia chumba cha giza, anamosafishia picha, tangu asubuhi ili asikutane na wanawake, alisema, na alikusudia kukaa humo mpaka jioni, ila amesikia kila neno kupitia ubaoni, na kuna maneno mtu akiyasikia hawezi kuendelea kujificha.

Hawakuwa wameonana tangu ile siku ya mlango uliokataa kufunguliwa. Shaibu alimtazama Somoe, akayaacha macho yake yakae kidogo zaidi ya adabu inavyotaka, kisha akayashusha. Somoe naye alifanya kosa lilelile. Bi Mwanakombo alikohoa kuwakumbusha kwamba yupo.

"Nimeichapa mwenyewe," Shaibu alisema, "kutoka kwenye kioo cha baba, kile kinachoshika picha ndani ya kamera kabla ya kuchapwa karatasini. Nilipoona uso ule nilidhani nimepungukiwa na akili. Nilikuwa nakuwaza sana, nikasema sasa nakuona hata kwenye dawa. Wallahi sikujua kuwa ni mama yako."

"Na moshi huu ni nini, Shaibu?"

Shaibu alisita. Akawaonyesha kwanza zile picha za mitaa mitupu kupitia mlangoni. Aliwaambia mitaa ile haikuwa mitupu hata kidogo. Ilikuwa imejaa watu. Kamera ya baba yake ilikuwa kuukuu hata wakati ule, ya miguu mitatu na kitambaa cheusi, na ilifanya kazi polepole. Mpiga picha alifunua kifuniko, akasubiri, akafunika. Aliyesimama kimya aliingia. Aliyekuwa akitembea hakuingia, alipita mbele ya kioo na kioo kisimshike.

"Na anayetikisika tu? Hatembei, ila hatulii?" Somoe aliuliza.

"Huyo anakuwa moshi."

Nje ngurumo ilipita mbali, upande wa Ruvuma.

Shaibu aliingia tena chumba cha giza, akarudi na kioo chenyewe amekizungushia kanga iliyochakaa. Alikiinua kwenye ule ufa wa dirisha ili mwanga upite ndani yake. Kwenye kioo mambo huwa kinyume, cheusi kinakuwa cheupe, na Saumu alitokea na uso mweusi kabisa na macho meupe, kiasi kwamba Somoe alitamani kukimbia. Lakini Shaibu alimwambia asitazame uso, atazame chini, mwisho wa moshi. Alikuwa amesimama karibu yake sana ili kumwelekeza.

Mwisho wa moshi palikuwa na mguu. Mguu mmoja, mdogo, ulio wazi kabisa hadi vidole. Mtoto anayejivuta hukita mguu mmoja chini, na mguu ule ulikuwa umetulia muda wa kutosha kioo kikaukamata. Kifundoni palikuwa na kikuku cha fedha chenye kengele.

Kikuku hicho Somoe alikijua. Kilikuwa sandukuni, mahali pale pale zilipokuwa kanga.

"Walioichapa kadi waliufuta moshi," Shaibu alisema taratibu. "Waliona umeharibu picha. Mkono ukabaki peke yake. Na mkono ukibaki peke yake, yeyote atasema unaomba."

Somoe alijaribu kulia, machozi yakakataa. Amekua akijua kwamba hana picha yoyote na mama yake. Kumbe ndiye jini la Mikindani. Mji mzima umekuwa ukimkimbia yeye.

Ndipo waliposikia viatu kwenye ngazi.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha kitambo, na Chilumba alikuwa amekwenda kuketi kwake kama desturi. Hatua zilikuja polepole, kwa kusita, zikapita chumba cha kwanza, zikapita cha pili. Bi Mwanakombo, ambaye miaka yake haikumruhusu kukimbia, aliwasukuma vijana wote wawili nyuma ya pazia la mlango wa chumba cha giza, akajibana hapo kati yao kama ukuta wa adabu. Kutoka penye upindo wa pazia Somoe aliona kofia ya kiua, halafu kanzu, halafu akamtambua baba yake.

Mzee Mgeni alikuwa amefumba macho.

Alikuwa akitembea kwa kupapasa ukuta kwa mkono wa kushoto, fremu moja baada ya nyingine, bila kuzitazama. Alipofika ukuta wa mbali mkono wake uligusa kioo cha picha, akajua kwamba imegeuzwa kuelekea watu. Akashtuka. Alisimama hivyo, macho yamefumbwa, kiganja chake kwenye uso wa mkewe, na midomo yake ikicheza.

"Usinitazame, Saumu," alisema. "Nakusitiri. Watu wasikuone hivi tena. Hilo ndilo pekee ninaloweza sasa."

Akaigeuza picha.

Somoe hakumbuki alivyotoka. Pazia lilimvua buibui, au yeye mwenyewe alilivua, hajui. Alisimama katikati ya chumba na zile kanga za zamani na kipini kile, na wingu lilikuwa limeshuka zaidi. Mzee Mgeni alisikia kanga zikichakarika, akafumbua macho, akageuka.

Rangi ilimtoka. Alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia.

"Nilikuwa naja," alisema kwa sauti ambayo Somoe hajawahi kuisikia. "Saumu, nilikuwa naja kukurejea. Eda ilikuwa haijesha. Nilikuwa nangoja uniombe radhi."

Lo, msomaji wangu, kuna nyakati mtu hupewa ufunguo asiouomba. Somoe alijua kwamba angesema neno moja kwa sauti ya upole, angeweza kuamuru lolote. Mwoze mwanangu kwa mtoto wa Iddi. Baba yake angetii mpaka kufa. Neno lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Alimtazama yule mzee aliyebanwa na ukuta, akaona kiganja chake kikipapasa ukuta nyuma yake kutafuta pa kushikilia, na mapenzi yote aliyokuwa nayo kwa Shaibu hayakutosha kumfanya aseme uongo huo.

"Ni mimi, baba. Shikamoo. Ni Somoe."

Mzee Mgeni aliitika kwa mazoea, midomo tu. Kisha akamwona dada yake, na nyuma yake Shaibu, na hasira ikamrudishia rangi. Alisema mengi, na sitayaandika yote. Alisema ameaibishwa mara ya kwanza na Iddi kwa mkewe, sasa anaaibishwa na mwana wa Iddi kwa bintiye, mahali palepale, mbele ya picha ileile. Alisema kesho wazee wa Lindi wakifika watakuta kila kitu tayari.

Somoe alimwacha amalize. Halafu akaenda ukutani na kuigeuza picha.

"Baba, umepata kuitazama hii?"

"Niliitazama ile kadi hadi ikanitoboa macho."

"Nauliza hii. Hii imetoka kwenye kioo cha Mzee Iddi, hawajaigusa watu wa kadi."

Mzee Mgeni alikuwa amekwisha kugeuza uso. "Sitaki kumuona akiomba."

"Haombi. Alikwambia amemshika mtoto. Mtazame huyo mtoto, baba. Kama hayupo, kesho nitakwenda Lindi na sitalia."

Shaibu alikuwa ameona mguu ule kwenye kioo, lakini kioo husomwa na mwenye kazi yake. Kwenye karatasi, katika mwanga ule, kwa macho ya mzee asiyetaka kuona, ni nani ajuaye? Alikwenda dirishani na kusukuma mbao zote wazi, mwanga ufubaze unachotaka kufubaza.

Mzee Mgeni alikuja. Alitazama uso wa Saumu kwanza, akakawia hapo, na hakuna aliyemharakisha. Kisha macho yake yakashuka kwenye bega, kwenye mkono, kwenye kiganja. Yakafika kwenye moshi. Yakaufuata mpaka chini.

Aliinama. Aliinama mpaka kofia ikagusa kioo.

"Kikuku hiki nilikinunua mimi," alisema.

Wakasikia mvua ikianza kwenye bati la ukumbi. Aliponyanyuka alionekana mfupi kuliko alivyoingia. Aliuliza, bila kumtazama yeyote, mtoto alikuwa akijivuta kwenda wapi. Shaibu alimjibu kwa heshima kwamba moshi umeegemea kushoto, na kushoto kwa mlango ule ni njia itokayo mashambani.

"Nilikuwa natoka shamba," alisema Mzee Mgeni. "Siku ile. Niliwakuta Wazungu wanakunja vyombo vyao. Somoe alikuja mbio akaanguka miguuni kwangu, nikambeba. Nilimbeba mwenyewe kwa mikono hii. Alikuwa amenisikia kabla sijatokeza, alinijua kwa kikohozi." Alipitisha mkono usoni. "Saumu alikuwa anamzuia asinikimbilie mimi. Na mimi nikangoja aje aombe. Yeye hakuwa mtu wa kuomba. Nilimjua hivyo, ndiyo maana nilimuoa."

Somoe alitaka kumshika, akaogopa.

Mzee akaiona ile kanga iliyochakaa mikononi mwa Shaibu na kioo ndani yake. Aliitazama kama mtu aliyekutana na mdai wake njiani. Akasimulia kwamba Iddi alikuwa akija, mwaka ule na mwaka uliofuata, amebeba kitu kimezungushiwa kanga hiyohiyo, akipiga hodi na kusema, jirani, nifungulie, kuna kitu utazame. Naye alikuwa akikaa ndani akikohoa. Iddi akachoka, halafu Iddi akafa.

"Huyo kesho nitamtumia mtu njiani," alisema mwishowe, akimaanisha Mohamedi. "Nitamwambia kosa ni langu, na ni kweli. Na wewe," akamgeukia Shaibu, na ilimgharimu, "waambie wazee wako wapige hodi tena. Safari hii nitafungua."

Shaibu alimtazama Somoe, na Somoe hakushusha macho, na kwa mara ya kwanza Bi Mwanakombo hakukohoa.

Mzee Mgeni alikibandua kile kikaratasi cha chini kwa ukucha, akakitia mfukoni. Alimwambia Shaibu aandike kingine kabla ya wageni wa Jumamosi: Saumu binti Hassani wa Msimbati, amemshika mwanawe. Shaibu alisema ataandika kwa mkono wake mzuri. Kisha, kwa kuwa moyo wake ulikuwa mwepesi na mtu mwenye furaha huropoka, alimwambia mzee asijali kuhusu yale ya kugeuza picha kila siku, Chilumba hataambiwa.

"Kila siku?" Mzee Mgeni alisema. "Mimi nimekuja jana na leo. Jana ndipo nilipoambiwa kwamba ipo. Na jana niliikuta imekwisha kugeuka, niliigusa tu."

Shaibu akamtazama Somoe. Ni nani basi aliyeigeuza asubuhi hii, kabla Chilumba hajafungua mlango? Na juzi. Na siku zote zile tangu mwanamke yule aandikiwe tena maneno yaleyale chini ya miguu yake.

"Twendeni," alisema Bi Mwanakombo, tayari yupo mlangoni.

Walipita zile picha za mitaa mitupu bila kuzitazama, ingawa sasa walijua kwamba hazikuwa tupu. Nje mvua ilikuwa imelowesha ngazi za mawe. Mzee Mgeni alisita kwenye ngazi ya juu, maana miguu yake ilikuwa bado haijamrudia. Somoe alitangulia kushuka, akageuka, akamnyooshea mkono, kiganja juu, bega moja limeshuka kidogo.

Baba yake aliutazama mkono ule. Akautazama kwa muda, mvua ikimdondokea kofiani. Kisha akaushika, na hakuuachia mpaka nyumbani.